Supu ya Mifupa kwa Kukhu Hawa

Kwenye matanga ya Kukhu Hawa, kukhu kwa Kiluhya ni bibi, nilitambulishwa kama "yule msichana wa mikojo," na mimi sasa nina mvi, nina miwani, na mkono wangu wa kushoto uko ndani ya plasta tangu nilipoteleza bafuni. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele walicheka, kisha wakakumbuka wako wapi wakainamia mchele. Aliyenitambulisha ni Twahiri, mwanawe wa pekee, ambaye alinitafuta kwa siku mbili mpaka akapata namba yangu kwa mtu anayemfahamu mtu. Nilipofika kijijini kwake Mayoni walikuwa wameshamzika, maana Waislamu hawamwachi maiti angoje wageni. Nilikaa mkekani katika chumba kile kile nilichokuwa nikilala nikiwa msichana, nikatazama dari ile ile ya mabati yenye masizi, na mwaka ule wote ukanirudia bila kubisha hodi.

Kazi yangu mwaka ule ilikuwa kukusanya mkojo wa akina mama wazee. Sioni njia nyingine ya kuisema. Kulikuwa na daktari mmoja mjini Kakamega, mama mpole aliyependa kuongea akiwa amefumba macho, aliyetaka kujua ni wazee gani watavunjika mifupa kabla hawajavunjika. Alitueleza kwamba mfupa si jiwe. Mwili huubomoa na kuujenga upya kila siku, kama nyumba ya udongo inayokandikwa upya kila baada ya mvua, na mtu akizeeka kubomoa kunaweza kutangulia kujenga. Makombo ya kile kilichobomolewa hutoka na mkojo. Ukiyapima makombo hayo unaweza kukisia ni nani akianguka kidogo tu nyonga itamwachia. Katika kikopo hicho hicho waliangalia pia sukari na hali ya figo, ila mifupa ndiyo ilikuwa shabaha. Kulikuwa na vipimo vipya vya kisasa lakini vilikuwa nje ya uwezo wetu, kwa hiyo maabara ilitumia kile cha zamani, chenye masharti mengi. Mzee asile nyama wala samaki wala peremende za jeli siku kadhaa kabla ya kupimwa. Alale bila kula usiku, asubuhi mkojo wa kwanza aumwage, anywe maji, kisha wa pili ndio auweke kwenye kikopo. Peremende za jeli zilituchekesha sana. Tulijiuliza ni bibi gani wa Matungu au Butali ameshawahi kuziona.

Nilikodi chumba kimoja Lurambi, katika ploti ya vyumba vilivyotazamana, bomba moja katikati. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa kile kisanduku cha barafu. Wiki ya kwanza majirani walidhani nauza aiskrimu. Wiki ya pili walijua kilichomo, na tangu hapo nikifika bombani wenzangu hukumbuka wameacha kitu jikoni. Jirani yangu wa ukutani alikuwa Mama Brayo, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kila jioni niliwasikia yeye na mumewe wakila, vijiko vikigonga sahani, wakibishana nani amemaliza mboga. Jioni moja nilimsikia mume akiuliza, "Huyo wa mikojo kwani hana watu?" Mama Brayo akamjibu, "Anao, lakini ungekuwa wewe ungemwalika?" Wakacheka, si kwa ubaya, kwa njia tu ya watu walioshiba. Mimi nilikuwa upande huu na mkate na chai ya rangi. Nilitaka kugonga ukuta niwaambie kwamba nanawanga mikono kwa sabuni kuliko daktari, lakini nilimeza mkate wangu nikalala.

Kukhu Hawa niligawiwa kwa sababu aliishi peke yake. Wazee wenye watu nyumbani walikumbushwa masharti na wajukuu, lakini wale wa peke yao ilibidi mmoja wetu alale kwao usiku wa kuamkia kipimo, ahakikishe saa na maji vimefuatwa. Siku yake ilikuwa Alhamisi kuamkia Ijumaa, mara moja kila mwezi. Nilimkuta ameketi mlangoni, mwembamba, mrefu, kanga ameifunga chini ya kidevu, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kisanduku.

"Mulembe, Kukhu," nilisema, nikaongeza na shikamoo ili nisikose.

"Mulembe muno. Hiyo sanduku yako weka huko nje, isisikie harufu ya chakula yangu." Kisha akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Na wewe ndio wamekutuma kupima mifupa? Yako yote naiona kutoka hapa. Kwenu hawakulanga?"

Nilimweleza masharti: hakuna nyama, hakuna samaki, na nikataja hata zile peremende, kwa kuwa nilikuwa nimeamriwa. Alisikiliza akitikisa kichwa kama mtoto mwema darasani. Alikuwa amefunga, kama alivyofunga Alhamisi zote, na jua lilipozama, na adhana ya Mayoni ikamalizika, alifungua kinywa kwa maji na tende, akasali, kisha akaleta sinia moja. Lilikuwa na obusuma, ugali wa kwao, iliyofinyangwa vizuri, mboga ya mrenda, na bakuli kubwa la supu katikati. Niliichungulia ile supu kwa uangalifu wa kazi. Ndani hamkuwa na kipande cha nyama. Alikuwa amechemsha mifupa ya ng'ombe tangu asubuhi, akaichuja, na mifupa yenyewe ilikuwa nje ikigombewa na paka wawili.

"Nyama umesema hapana, na nyama hakuna," alisema. "Rakini mtu akikuja kupima mifupa, si ni vizuri mifupa ishibe kwanza? Kunywa."

Nikaona ni maneno ya akili. Tulikula sinia moja, mkono wake na mkono wangu, mkono wangu huu ulioshika vikopo vya watu wa kata nzima. Hakuuliza kama nimenawa. Alisogeza mrenda upande wangu kila upande wangu ulipopungua, na nilipojaribu kuacha alisema hawezi kula peke yake mbele ya mgeni kama mchawi. Nilikunywa bakuli mbili. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia pilipili, naye akaniambia hakutia pilipili.

Asubuhi nilizoea kuamshwa na sauti yake nyuma ya nyumba. Mumewe alizikwa pale, kati ya mgomba na shamba dogo la miwa, na kila alfajiri baada ya sala alisimama kando yake akampa salamu na habari. "Asalaam aleikum, mzee. Yule binti amelala vizuri. Anakoroma kidogo." Mimi nilikuwa kitandani nikisikiliza habari zangu zikisomwa. Kisha aliingia, akachukua kikopo kutoka mkononi mwangu bila aibu yoyote, akaenda nacho, akanirudishia kikiwa kimefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu ili, alisema, nisibebe kitu kama hicho uchi barabarani. Jikoni sufuria ya supu iliyobaki ilikuwa imeganda kwa baridi, inatikisika ukiigusa. Alinikatia pande lake kwa kisu, akalipasha moto tena, nikanywa kabla ya safari. Mwezi mzima niliuhesabu kwa Alhamisi ile. Nikiwa Lurambi nasikia vijiko vya Mama Brayo, nilijiambia kwamba kuna nyumba moja ambayo mikono yangu inakaribishwa sahanini.

Lakini majibu yake yalikuwa mabaya. Mwezi wa kwanza yalikuwa juu, wa pili vilevile, wa tatu daktari alifumbua macho alipokuwa akiyasoma. Kwa makombo yale, alisema, mama huyu anamomonyoka. Kisha msimu wa mvua Kukhu aliteleza uani akaangukia kiwiko. Hakuvunjika, ila habari ilimfikia Twahiri Nairobi, naye akampigia daktari, naye daktari hakumficha. Nilikuwa nimekaa jikoni Twahiri alipompigia mama yake kwa simu ya jirani, na Kukhu alikuwa anaishika mbali na sikio, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama, kipimo kinachokuja kikitoka kibaya tena, nakuja kukuchukua. Nyumba tutafunga."

"Unipeleke wapi?"

"Kwangu. Ghorofa ya nne, kuna maji, kuna kila kitu."

"Ghorofa ya nne nikae kama kunguru? Na huyu mzee hapa nyuma atasalimiwa na nani?"

"Mama, mzee alishakufa."

"Najua. Mimi ndio nilimwosha."

Alirudisha simu kwa mwenyewe, akarudi kuketi, akavunja vunja kuni ambazo zilikuwa tayari zimevunjwa. Kisha akaniuliza kama kuna namna mtu anaweza kuusaidia mfupa ndani ya mwezi mmoja. Nikamwambia ale vizuri, apate jua, atembee. Akasema kula vizuri anajua. Jirani ndiye aliyeniambia baadaye kwamba tangu siku ile mwenye bucha ya Mayoni alikuwa anamwekea si mifupa tu bali na miguu ya ng'ombe, kwato na kano zote, na kwamba sufuria haikutoka motoni. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani. Aliogopa, na kwa hofu ile alikunywa supu asubuhi na jioni, akihifadhi nyumba yake kijiko kwa kijiko.

Sasa, kila kundi la vikopo lilihitaji kikopo kimoja cha kijana mwenye afya, cha kulinganishia. Sisi wakusanyaji ndio tulikuwa vijana hao, na kwa kawaida mimi nilitoa changu Jumatatu mjini, baada ya wikendi ya chai na mkate. Mwezi ule zamu yangu iliangukia Ijumaa, kwa hiyo nilitoa changu Mayoni, asubuhi ile ile, baada ya kula sinia moja na Kukhu usiku wake. Vikopo viwili vikasafiri bega kwa bega ndani ya kisanduku, kimoja kimevaa kanga.

Wekesa, fundi wetu wa maabara, alikuwa mtu wa mzaha. Aliniita dirishani akiwa ameshika karatasi. "Dada, nikuletee mkongojo? Kwa majibu haya wewe na nyanya yako wa Mayoni mtavunjika siku moja." Nilicheka. Yeye akaacha kucheka kwanza. Majibu ya Kukhu yalikuwa ya juu kuliko yote tuliyowahi kuona, na yangu yalikuwa yanayafuata nyuma, mimi msichana ninayepanda baiskeli kutwa. Mara zote nyingine yangu yalikuwa chini.

"Mlikula nini huko?"

"Obusuma na mrenda. Na supu, lakini haina nyama."

"Supu ya nini?"

"Mifupa."

"Ikipoa inakuwaje?"

"Inaganda," nilisema, na neno hilo likiwa bado mdomoni nikaiona ile sufuria inayotikisika, na kisu, na zile peremende za jeli tulizozicheka. Kipimo kile cha zamani hakikuweza kutofautisha makombo ya mfupa wa Kukhu na makombo ya mfupa wa ng'ombe aliyemnywa, kwa kuwa kinachogandisha supu ndicho kinachogandisha peremende za jeli, nacho hutoka mifupani. Tulikuwa tumepima ng'ombe miezi yote hiyo. Wekesa aliketi, akavua miwani, akasema kwamba walioandika masharti yale huenda hawajawahi kupika supu.

Nilikwenda Mayoni na daktari mwenyewe. Twahiri alikuwa ameshafika, na begi la mama yake lilikuwa limefungwa mlangoni. Daktari alieleza taratibu, akaomba siku tatu bila supu kisha wapime upya, na Twahiri, ambaye kumbe alikuwa na hofu tu wala si ukali, alikubali kabla hajamaliza. Kukhu ndiye aliyechelewa kuelewa. Alipoelewa, uso wake ulinyauka.

"Kwa hivyo ni supu yangu ndio imenisengenya?"

"Kidogo, mama," daktari alisema.

"Nilikuwa najifukuza mwenyewe."

Siku zile tatu nilikaa kwake. Sijawahi kuona mtu anateseka hivyo kwa kupika mboga. Alhamisi alifunga, akafungua kwa uji, akaleta sinia la obusuma na kunde, akakaa kando bila kunitazama. "Mgeni yangu anakula majani kama mbuzi," alilalamika kwa Twahiri. "Hiyo hospitari yenu haina adabu." Twahiri aliendelea kula. Begi lilikuwa bado mlangoni, na kila aliyepita alilizunguka.

Majibu yalipotoka, Wekesa alikuwa amepima mara mbili ili asiwe na shaka. Mifupa ya Kukhu Hawa ilikuwa mizuri kwa umri wake, mizuri hata kuliko ya wenzake wengi. Niliomba niyapeleke mimi. Twahiri alimkumbatia mama yake kwa nguvu mpaka nikamwambia asije akaivunja hiyo mifupa mizuri, akalifungua begi kwa mikono yake, akarudisha kanga moja moja kwenye sanduku, na kesho yake akarudi Nairobi. Kukhu alitoka kwenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia akitoa salamu, kisha akasema, "Mzee, naenda popote? Siendi." Sauti ilikuwa ya msichana.

Sikuwa nimemwambia nusu ya pili. Daktari alikuwa ameamua kwamba wazee wenye majibu mazuri wasisumbuliwe tena. Vikopo vilikuwa vichache, na sisi wa kulala kwa wazee vilevile, basi twende kwa wale wanaomomonyoka kweli. Uamuzi ulikuwa wa haki na sikuwa na neno la kuupinga. Kukhu alinisindikiza hadi kwenye ua wa miwa, akiwa na furaha, akinitania kwamba mwezi ujao atanipikia mrenda wa maziwa ili nisikonde.

"Kukhu, mwezi ujao sitakuja. Wewe uko mzima. Wamekutoa."

"Wamenitoa wapi?"

"Kwenye kupimwa."

Alisimama. Alipangusa jani la muwa kwa kidole, upande mmoja na mwingine. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Basi mwenyeji akipona, mgeni anaenda." Kisha akainua macho, na nikaona anapiga hesabu yake kwa makini kabisa. "Na kama nikikunywa supu? Nikikunywa mingi, majibu itakuwa mbaya tena. Si watakutuma?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia nitakuja bila kutumwa.

Na nilikuja, Alhamisi kadhaa, bila kisanduku, tukala sinia moja na kunywa supu yote tuliyotaka. Mwaka ulipoisha na kazi ikaisha nayo, nikapata nyingine Lodwar, kisha nyingine mbali zaidi. Namba zilibadilika, simu zikapotea, na Mayoni ikawa mahali ninapopasimulia. Nilirudi Lurambi nikiwa mtu mzima, katika nyumba nzuri kuliko ile, yenye kuta nene ambazo hazipitishi vijiko vya mtu. Wiki iliyopita nilipovunjika kifundo cha mkono, daktari kijana aliniomba mkojo, akanieleza polepole, kama kwa mtoto, kwamba mfupa si jiwe. Nilimwacha aeleze. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu akae mbele yangu akaniambia jambo refu.

Kwenye matanga, wanawake walipokwenda kupakua, Twahiri alikuja akaketi kando yangu. Alisema mama yake alikufa kitandani pake, asubuhi, bila kuvunjika hata kidole. Nikasema alhamdulillahi, na nilikuwa namaanisha. Kisha akatabasamu kama mtu anayekumbuka kichekesho.

"Unajua alikuwa na vituko. Miaka yote, Ijumaa asubuhi, ananipigia simu. Kabla ya salamu anasema, 'Twahiri, jana nimekunywa supu sana. Mkojo yangu leo ni mbaya kabisa. Mwambie yule binti.'"

"Ulimjibu nini?"

"Nilikuwa nacheka, dada. Nilijua ni utani wenu wa zamani."

Nilimwambia ndiyo, ulikuwa utani wetu. Wakaleta sinia, watu wanne wakalizunguka, na mmoja wao akasogeza bakuli la supu upande wangu kwa sababu ya mkono wangu mgonjwa. Niliinama nikanywa, na safari hii sikusingizia pilipili.